Kifaransa cha Kamba

Jumamosi, 6 Desemba

Siku njema. Au ilikuwa njema mpaka alasiri, nilipofungua mdomo.

Nilikuwa kibandani kwangu nachaji simu za watu. Jua kali, sola inafanya kazi yake, mimi sina kazi ila kukaa. Akaja Bi Mwanalima na simu iliyozimika. Nyuma yake Tima, bintiye. Tima akija kibandani hujikuta nazipanga waya upya, hata kama zimeshapangwa.

Bi Mwanalima alikuwa na habari. Binti yake mkubwa, Fathiya, anakuja likizo. Walikimbia pamoja wakati wa vita. Mama alirudi hapa Chovae, Fathiya akaendelea mbele mpaka Ufaransa, akaolewa huko Marseille. Sasa anakuja na mwanawe, Nadia, wa miaka tisa. Bibi na mjukuu hawajapata kuonana ila kwenye simu, na kwenye simu mtoto hujificha nyuma ya kiti. Kibajuni hajui. Kisomali hajui. Kifaransa tu. Na Fathiya ameshasema: mtoto akikosa wenziwe wa kucheza nao, watakwenda kumalizia likizo Mombasa kwa binamu zao, kwenye televisheni na aiskrimu.

Bi Mwanalima aliyasema hayo huku anakunja ncha ya leso. Akasema mjukuu kuja akaondoka bila kumzoea, bora asije. Akauliza kama kuna mchu kisiwani, mtu yeyote, anayejua Kifaransa.

Mwalimu Fuadi alikuwapo, amekuja kufuata simu yake. Fuadi ndiye mkuu wa shule yetu ya msingi, na ndiye anayefundisha Kiingereza. Filimbi shingoni, suruali ina mkunjo hata siku ya Ijumaa. Akajibu kwa niaba ya kisiwa kizima kwamba hakuna. Tima akainamisha kichwa.

Nikasema mimi nakijua.

Fuadi akaniangalia. Tima akainua kichwa. Nikaongeza, bila ya kuulizwa, kwamba nakijua sana.

Ukweli niuandike hapa, maana hapa hasomi mtu. Nilipokuwa baharia, meli yetu iliharibika mashini Ngazidja, kule Komoro. Nikakwama Moroni. Nikachukua kibarua cha kupakua mizigo bandarini, msimamizi wetu Mfaransa mmoja mwenye shingo nyekundu. Kifaransa nilichonacho ni kile nilichopigiwa kelele. Lakini Kifaransa ni Kifaransa.

Jambo jingine. Tangu Mfungo Mosi, mara baada ya Idi, nimepeleka mtu kwa Bi Mwanalima kumposa Tima. Jibu: tutaangalia. Fuadi, aliyefiwa na mkewe, naye amepeleka. Jibu: tutaangalia. Leo Bi Mwanalima aliniambia niwafundishe watoto. Mjukuu wake akipata wenziwe, yeye mwenyewe atakwenda kwa kaka yake wakalizungumze lile jambo. Hakusema jambo gani. Tima alikuwa anatazama waya zangu.

Jumapili, 7 Desemba

Fuadi hakuweza kukataa. Bi Mwanalima alimwendea nyumbani kwake asubuhi, na Bi Mwanalima akikaa kwako haondoki. Nimepewa darasa baada ya alasiri, watoto wakishatoka chuo cha Kurani. Fuadi amekaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, mikono kaifumbata. Alisema amekuja kujifunza.

Nilivaa kanzu na koti. Koti lilikuwa kosa.

Watoto thelathini na kitu. Nikawaambia kuanzia leo mimi ni Mwalimu. Wakaitikia kwa adabu: ndiyo, Ami Badi.

Somo la kwanza, salamu. Bonjuu. Nayaandika kama yanavyoingia sikioni, maana mwandiko wa Wafaransa una herufi nyingi zisizo na kazi. Nikasema bonjuu, wakasema bonjuu. Nikasema tena, wakasema tena. Tukaendelea hivyo mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu ukiondoa bonjuu maneno yangu yote yanaenea kiganjani. Alé, haya twende. Tire, vuta. Lashe, achia. Vit, haraka. Dusmaa, polepole. Atansio, jihadhari. Na lile la pongezi, ambalo msimamizi wetu alikuwa akiniambia kila jioni nikimaliza kubeba. Aliniambia mimi peke yangu, wenzangu hapana. Hilo nimeliweka akiba.

Fuadi akauliza somo la kesho ni lipi. Nikamjibu kwamba Kifaransa hakitaki pupa.

Jumatatu, 8 Desemba

Wamesahau! Wote. Jana bonjuu zilijaa darasa mpaka popo wakatoka darini. Leo hakuna hata moja.

Nikamsimamisha Afnan, binti wa Nahodha Abdulmalik, ambaye ndiye mwenye akili kuliko wote. Akasema bon. Kisha akatazama juu, kama limebaki darini na wale popo.

Nikapata wazo. Nikaenda kununua kashata. Kila bonjuu, kashata moja. Zikaja bonjuu kwa mafungu. Watoto walitokea mlangoni na kurudi kupitia dirishani ili wasalimie upya. Mmoja alinisalimia akiwa na kashata mbili mdomoni na mkono ameunyoosha. Kashata zikaisha. Kifaransa nacho kikaisha pale pale.

Fuadi akaniuliza, kwa upole wake ule unaokera, kama huko Ufaransa watu hulipwa wakisalimiana. Tima alikuwa akipita nje, nikamsikia anacheka. Sijui alimcheka nani. Naona alimcheka Fuadi.

Nimekula wali na samaki wa kupaka, nikajisikia vizuri. Kesho nitapumzika.

Jumatano, 10 Desemba

Nimegundua jambo kubwa!

Asubuhi Nahodha Abdulmalik alikuwa anapandisha mashua yake pwani ikwanguliwe. Mashua ikipandishwa hapa kwetu, kila aliye karibu hushika kamba, na watoto ndio wa kwanza, kwa sababu aliyeshika kamba ana haki ya kitoweo. Mmoja anaita, wengine wanaitikia na kuvuta. Mimi nilikuwa mkia wa kamba. Mbele yangu walikuwa wale wale watoto walioshindwa na neno moja. Nikawasikia wanaitikia wimbo mrefu, ubeti baada ya ubeti, una maneno ya zamani ambayo hata baba zao hawajui maana yake. Hawakukosea hata pahala pamoja. Mikono ikishika kamba, maneno yanatoka yenyewe.

Nikaiacha kamba nikakimbia nyumbani kufikiri. Kitoweo changu nilikisahau, ndiyo ujue uzito wa jambo.

Alasiri nikaiazima ile kamba. Kamba nene, nzuri. Nikaifunga kwenye fremu ya dirisha la darasa, watoto wakapanga mstari, wakashika. Mimi naita alé, wao wanaitikia tire na kuvuta. Naita vit, wanaitikia dusmaa. Naita lashe, wanaitikia atansio. Mara ya tatu walikuwa wanayajua yote. Wote! Hata wale wa nyuma ambao huja kulala. Sauti zao zilifika msikitini. Nilitokwa na machozi, nikajifanya ni vumbi la chaki.

Kisha fremu ikatoka. Ilitoka na dirisha lake na kipande cha ukuta. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Watoto walianguka rundo moja, na wakiwa pale chini wakasema kwa pamoja: atansio.

Fuadi alipuliza filimbi kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimefurahi sana, sikuisikia vizuri.

Alhamisi, 11 Desemba

Shule imefungwa leo, kama kila Alhamisi, lakini mimi nilikuwapo tangu asubuhi kurudisha dirisha. Fuadi alinisimamia. Alikuwa na maoni juu ya kila msumari. Amepiga marufuku kamba shuleni.

Sawa. Nyuma ya kibanda changu kuna mashini kuukuu ya boti, imeota kutu na nusu yake imezama mchangani. Nikaifunga kamba hapo. Sikumwita mtoto hata mmoja. Walikuja wenyewe, siku ya mapumziko, na wadogo zao migongoni. Tumesoma mpaka adhana ya Magharibi. Mashini imeanza kusogea.

Leo nimewapa na lile neno la pongezi. Somo likiisha wote wanaachia kamba, wanainua mikono juu na kulipiga kwa nguvu zao zote. Inapendeza sana.

Tima alileta mikate ya mofa kwa ajili ya watoto. Akasimama akasikiliza. Akaniuliza hilo neno la mwisho maana yake nini. Nikamwambia: Mungu akulipe kwa kazi njema. Akasema mbona neno fupi na maana ndefu. Nikasema ndivyo Kifaransa kilivyo, kinabana maneno.

Alinibakishia mkate mmoja. Fuadi hakubakishiwa. Kweli, hakuwapo, lakini hata hivyo.

Jumapili, 14 Desemba

Bi Mwanalima aliniita kwa chai. Nyumba yake inafagiliwa mara mbili kwa siku na mgeni bado yuko Marseille. Alinionyesha gauni alilomshonea mjukuu kwa kukisia, kwa sababu kwenye simu haonekani zaidi ya nywele. Afnan alikuwa amekuja kuleta maji. Bi Mwanalima akamwambia amsemeshe Kifaransa kidogo, asikie.

Afnan akasimama. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama viganja vyake.

Hakuna kitu.

Wakaitwa Nabil na Ishaq waliokuwa wanacheza nje. Na wao wakatazama viganja. Nikasema watoto wanaona haya. Bi Mwanalima akasema watoto wa Chovae haya hawana, jana wamempandia juu ya paa. Chai ikanishinda.

Njiani nikamwuliza Afnan kulikoni. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza babu yake, kwamba maneno yamo kwenye kamba. Nikatoa uzi wa mshipi mfukoni, nikampa ashike. Akaushika, akatikisa kichwa. Akasema huu hauna uzito, na kamba isiyo na uzito haina maneno.

Basi nimesomesha mikono, vichwa bado. Nilikaa nikaliwaza jambo hili kwa masikitiko, kisha nikaona halina ubaya wowote. Siku ya mapokezi kamba itakuwapo. Nitaivisha vikuba vya asumini, niseme ni mapambo, mwisho wake nifunge kwenye kitu kizito. Nani atauliza? Nimelala vizuri.

Alhamisi, 18 Desemba

Kamba imeondoka.

Nahodha Abdulmalik amekuja kuichukua. Ndiye atakayekwenda Kismayu kuwaleta wageni, na nahodha hasafiri bila kamba yake. Nikamwambia bado tunaisoma. Akasema hajapata kusikia kamba inasomwa. Nimejua baadaye kwamba Fuadi ndiye aliyemkumbusha.

Nikatafuta nyingine. Mashua zote zimekwenda kuvua upande wa Burgao, na kamba zao. Kamba za kisimani nyembamba. Nikaunganisha leso sita ncha kwa ncha, tukavuta, mashini haikutikisika lakini leso zilirefuka, na wenyewe wakaja mmoja mmoja kuzidai. Nikawaambia watoto washikane viuno wavutane wenyewe kwa wenyewe. Palizuka ugomvi. Waligombana kwa Kibajuni tupu.

Fuadi, kwa upande wake, anawafundisha, hata leo siku ya mapumziko, wimbo wa Kiingereza wa kukaribisha wageni. Amekata bendera za karatasi, kila mtoto na yake. Wanaimba vizuri, nakiri. Nilisimama nyuma ya dirisha langu nikasikiliza. Dirisha limekaa imara, nimefurahi.

Jumatatu, 22 Desemba

Simu kutoka Kismayu: wageni wamefika salama, kesho watavuka. Mtoto hajasema neno tangu uwanja wa ndege.

Bi Mwanalima alikuja kibandani peke yake. Simu hakuleta. Alitaka nimfundishe neno moja tu, la kumwambia mjukuu atakaposhuka. Nikamfundisha bonjuu. Alirudia pale mbele yangu, amefumba macho, vidole vinahesabu kama anavuta tasbihi. Akaondoka. Baada ya kitambo akarudi, limemtoka. Nikampa tena. Akarudi mara ya tatu. Akasema labda amezeeka kwa maneno mapya, lakini si neno, watoto wapo, na mimi ndiye niliyewasomesha.

Nikaona haya. Kweli niliona haya. Nilitaka kumwambia yote. Nilifungua mdomo kabisa.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, watoto wameiva.

Jumanne, 23 Desemba

Naandika kwa mkono uliochubuka. Nitaandika polepole ili nisiache kitu.

Boti ilitokea adhuhuri, maji yanapwa. Kisiwa kizima pwani. Watoto mistari miwili na bendera zao. Fuadi mbele, mkunjo wa suruali wembamba kuliko siku zote. Bi Mwanalima kanukia udi, gauni amelishika mikononi. Tima kando yake.

Boti ikakwama kwenye fungu la mchanga, hatua chache kutoka nchi kavu. Fathiya akashuka majini anacheka na kulia. Abdulmalik akambeba mtoto, akamweka mchangani juu ya begi. Mwembamba, nywele nyingi. Alimshika mama yake nguo kwa mikono miwili.

Bi Mwanalima akamsogelea. Akafungua mdomo. Neno limemtoka. Nikaliona lilivyomtoka. Akabaki kusimama na gauni lake, na mtoto akajificha nyuma ya mama yake kama anavyofanya kwenye simu.

Fuadi akatoa ishara. Watoto wakaimba Kiingereza, bendera zikapepea. Mtoto akaziba masikio.

Sasa watu wakanitazama mimi. Nikasogea mbele, nikapiga kelele: alé!

Thelathini na kitu wanatazama viganja vyao. Nikarudia. Fuadi akakohoa. Nadia akamwambia mama yake kitu kwa sauti ndogo, na Fathiya akainama chini, akamwambia Bi Mwanalima kwamba mtoto anaomba warudi. Bi Mwanalima akaitikia haya, basi. Alianza kulikunja lile gauni. Nilitamani mchanga unimeze na kanzu yangu.

Ndipo Abdulmalik akapaza sauti. Maji yalikuwa yanaikimbia boti, boti inalala ubavu, masanduku yote ndani na mashini iko karibu kugonga mwamba. Akawatukana wote waliosimama na bendera. Akairusha kamba.

Bendera zote zikaanguka. Watoto wakairukia, kwa sababu aliyeshika kamba ana haki ya kitoweo. Kamba ikakaza. Uzito ukaingia mikononi. Afnan akiwa mbele akaita, si mimi, yeye:

Alé!

Wote wakaitikia: tire!

Vit! Dusmaa! Lashe! Atansio! Pwani nzima Kifaransa. Nami nikashika, na Tima akashika, na Fuadi akaingia majini na suruali yake. Boti ikainuka.

Nikageuka. Nadia amejitokeza. Mikono imeachia nguo ya mama yake. Anasikiliza, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya begi, akawa anawaonyesha watoto kwa kidole na kumwambia mama yake jambo lile lile tena na tena. Fathiya akatufasiria huku machozi yanamtiririka. Mtoto anasema: wanasema kama baba.

Babake ni kuli wa bandari. Bandari ya Marseille. Hakupata ruhusa ya kuja. Na haya ndiyo maneno yake, anayopiga kelele kutwa kazini na akirudi nyumbani akiwa anasogeza kabati.

Nadia akavua viatu. Akakimbilia kamba. Akapata nafasi kati ya Afnan na Nabil, na akaita yeye, kwa sauti ambayo haikuwa ndogo hata kidogo, na watoto wote wakamwitikia. Boti ikapanda juu.

Kisha, kama walivyosomeshwa, wakaachia kamba, wakainua mikono, wakalipiga lile neno la pongezi.

Fathiya akajifunika uso kwa mtandio. Nadia akatoa macho, akamtazama mama yake, na alipoona hakukatazwa akalipiga na yeye. Baadaye Fathiya alinivuta kando akaniambia maana yake. Sitaiandika. Jioni zote zile kule Moroni, na mimi nilikuwa namwambia ahsante!

Ijumaa, 26 Desemba

Hakuna anayesema habari ya Mombasa. Nadia haonekani nyumbani ila kwa kula. Amekwisha kuungua pua. Gauni halikumwenea, lakini amelivaa hivyo hivyo siku ya pili, na leo limechanika ubavuni kwa kuvuta mitumbwi isiyohitaji kuvutwa.

Asubuhi nilipita kisimani. Bi Mwanalima na mjukuu walikuwa wanateka maji, wote wawili wameshika kamba moja ya ndoo. Nadia anasema tire, bibi anaitikia vuta. Bibi anasema polepole, mtoto anaitikia dusmaa. Ndoo ikifika juu wanaimwaga, wanaishusha upya. Mapipa yalikuwa yamejaa zamani. Bi Mwanalima aliponiona akaniambia bonjuu bila ya kuulizwa, limekaa, na akaishusha tena ndoo.

Nilirudi nyumbani bila ya kumaliza nililokwenda kufanya. Nilijisikia mtu mwema.

Jumamosi, 27 Desemba

Siku kubwa.

Fuadi ameniita ofisini. Nilijitayarisha kwa habari ya dirisha. Hapana. Amesema Nadia atawasomesha watoto Kifaransa kila alasiri mpaka aondoke, na akaniomba nisaidie. Kazi yangu ni kushika mwisho wa kamba. Amelegeza marufuku kwa sharti kwamba isifungwe kwenye jengo. Akanipa mkono. Hakuwa na filimbi. Nilitaka kuendelea kumchukia, nikaona leo sina nafasi.

Watoto bado wananiita Ami Badi. Asubuhi wananisalimia kwa lile neno la Moroni, mikono juu. Nimeacha kuwakataza, maana wanasema kwa mapenzi.

Alasiri Bi Mwanalima alikwenda kwa kaka yake. Akarudi. Jibu si tutaangalia. Jibu ni baada ya mfungo wa Ramadhani, inshallah. Abdulmalik alipopata habari akanipa ile kamba, moja kwa moja, zawadi ya posa. Akasema yeye hawezi tena kuitumia, kila akiishika wanawe wanaanza kelele.

Tima mwenyewe alikuja kibandani. Nikapanga waya. Akasema yeye ana sharti moja, wala si gumu. Nisiseme tena kwamba nalijua jambo nisilolijua. Akasema alijua tangu siku ile ya kwanza, kwa jinsi nilivyoongeza kwamba nakijua sana. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wote, mkono kifuani, macho juu. Alicheka akaniambia nishushe mkono, nitajichosha. Kisha akaenda zake.

Hajapinda kona bado, akaja jirani yangu Bi Zakia na simu iliyozimika. Anasema mwanawe aliyeko Norwei atamletea wajukuu mwaka ujao, watatu, na hawajui lugha ila Kinorwei. Hajui watasemezana vipi. Alikuwa anakunja ncha ya leso. Akauliza kama kuna mchu kisiwani anayekijua.

Nikatazama kona. Tima amekwisha kupinda.

Nikamwambia mimi nakijua. Sana sikusema, kwa sababu nimeapa. Salamu yao sijui hata inaanza na herufi gani, lakini kamba ninayo.